Mkono wa Pedali Niliomtengenezea Dada

Jumatatu, 3 Juni
Dada mkubwa kaja karakana na baiskeli yake. Mkono wa pedali umelika hadi unacheza. Yeye ni mkunga, bila baiskeli hawafikii waja wazito kwa wakati. Mhunzi, jirani yangu, akadakia kwamba atamfulia mkono mpya wa chuma kwa siku nne. Siku nne! Anapasha, anagonga, anapasha tena, utadhani ana ugomvi na chuma. Nikasema mimi namaliza kesho. Dada akanichagua mimi. Mhunzi akameza mate. Raha iliyoje!

Jumanne, 4 Juni
Akili yangu ndiyo hii. Mhunzi anakipiga chuma mpaka kikubali umbo. Mimi naugandamiza mkono wa zamani mchangani, umbo linabaki, namimina aluminiamu iliyoyeyuka, kwisha! Mgongo hauumi. Nimeyeyusha sufuria tatu kuukuu. Ya nne haikuwa kuukuu, lakini mke wangu alikuwa sokoni.

Mkono umetoka, ila una vitundu kama mkate. Mhunzi kachungulia bila kualikwa. Eti ni hewa iliyonaswa, na ikionekana nje basi ndani imejaa. Eti cha kufua hukazwa na nyundo, cha kumimina hubaki na mapengo yake. Nikamwambia wivu utamuua.

Vitundu nimeviziba kwa nta ya mshumaa, juu nikapaka rangi ya fedha. Unang'aa huo!

Jumatano, 5 Juni
Dada kachukua baiskeli. Kaupapasa mkono ule, kasema tangu utotoni alijua nitakuwa mtu. Nilitaka kumwambia habari ya nta. Badala yake nikaupangusa mkono uzidi kung'aa. Mhunzi kauliza kama nimeujaribu. Nikajibu ndiyo. Kwa kidole gumba, lakini hakuuliza nimeujaribu na kitu gani.

Mke wangu naye anaulizia sufuria. Nimesema huenda Dada kaazima.

Ijumaa, 7 Juni
Ole wangu! Mkono wa pedali umekatika mlimani, Dada akiwa amesimama juu yake, anawahi uzazi. Kaanguka. Kavunjika kifundo cha mkono wa kulia, mkono anaopokelea watoto! Aliyekuwa akimngojea kajifungulia mikononi mwa mama mkwe wake. Mama na mtoto wazima, nashukuru sana.

Mhunzi kaniletea vipande viwili. Kanionyesha palipokatika. Matundu matupu, na nta yangu ukingoni. Kaviweka mezani kwangu, kaenda zake. Bora angenitukana.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda kumwona Dada. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamweleza yote: vitundu, nta, rangi, hata sufuria. Nikangoja anifukuze. Akaniuliza jambo moja tu, kama nilijua wakati namkabidhi. Nikasema nilijua. Akageukia ukutani. Kisha akasema, polepole, kwamba kila nyumba aliyoingia alijisifu kuwa baiskeli ile katengenezewa na mdogo wake.

Maneno yale yamenikata maini. Nimelia njia nzima, mtu mzima mimi, watu wananitazama. Mhunzi alinionya, nikamwita mwenye wivu. Laiti ningemsikiliza!

Jumatatu, 10 Juni
Tangu Ijumaa Mhunzi anamfulia Dada mkono wa chuma, leo ni siku ya nne. Kaniambia nije nivute mivukuto, nijifunze. Nimevuta. Amegonga siku nzima. Ulipopoa akaubana mezani, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akarukaruka, na tumbo lake lile! Haukushtuka. Nikaapa mbele yake kwamba mimi na kumimina, basi tena. Akanishika bega. Nusura nilie upya.

Alhamisi, 13 Juni
Bega haliinuki kwa mivukuto ile. Nimekaa karakana kutwa nikiwaza, na kosa langu nimeliona waziwazi. Pedali hukanyagwa! Mtu anaibebesha mwili mzima. Pale kumimina hakufai, nakubali, Mhunzi yuko sahihi.

Lakini usukani? Nani anaukanyaga usukani? Hushikwa tu. Na usukani wa Dada umepinda alipoanguka. Mhunzi anasema ataunyoosha motoni, taratibu, wiki ijayo. Taratibu hadi lini? Mchanga nimeshauchekecha, moto umekolea. Dada sijamwambia. Nataka iwe furaha yake ya kwanza akishafunguliwa plasta.