Ombi la Kuhamia Banda la Gari

Kwako Mama Mkwe,

YAH: MWANAO, GARI NA VUMBI JEPESI

Shikamoo Mama. Natumaini goti limepungua maumivu. Sisi huku hatujambo, hasa gari.

Najua haya si mambo ya mkwe kumwandikia mama mkwe, lakini maji yamenifika shingoni. Mwanao hanipigi, halewi, na kazi yake ya kupima ardhi anaifanya kwa bidii. Shida ni vumbi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari halitoki bandani ila kwa harusi au msiba, na msiba wenyewe lazima marehemu awe ndugu wa karibu. Hata hivyo kila asubuhi mwanao huliinamia, akalitazama kwa pembeni kama anayetafuta sindano, kisha akaja kunitangazia kwa huzuni kwamba limeingia vumbi jepesi.

2. Vumbi hilo halipanguswi hivi hivi. Kwanza bodi iwe imepoa. Halafu hunyunyiza maji yenye sabuni kidogo, maana kitambaa kikavu, kwa maelezo yake, huburuza mchanga na kuchora rangi. Ndipo huja taulo laini lililokunjwa, kuanzia paani kushuka, kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Upande mmoja ukichafuka anageuza mwingine. Taulo likianguka chini halirudi tena kazini. Mimi nilianguka bafuni juzijuzi na jioni hiyo hiyo nilipika.

3. Alipokwenda safari ya kikazi alinipigia simu, mtandao mbovu, akaniagiza kuhusu gari: "Usisugue." Mimi nikasikia "Usiguse." Nikatii. Nilifunga banda kwa kufuli na watoto nikawakataza hata kupita karibu. Aliporudi alikuta vumbi la kuandikia jina, akaninunia mpaka chakula kikapoa. Mama, nimewahi kununiwa kwa ukaidi, lakini kununiwa kwa utii sijapata kuona.

4. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kila siku narudi na vumbi la chaki kichwani, mabegani, mpaka kwenye nyusi. Nalo ni vumbi, tena jepesi kuliko la gari. Hajawahi kuliona. Unisamehe kwa lugha hii, Mama, lakini gari halisuguliwi, linaguswa. Mimi sisuguliwi wala siguswi. Inaniuma, tena si kidogo.

Kwa hiyo naomba umfikishie mwanao, kwa sauti ya mzazi, kwamba nahitaji kuhamishiwa bandani. Kati ya gari na ukuta mkeka unaenea, nimejaribu. Nikaguliwe kila asubuhi penye mwanga wa kutosha. Nisitolewe nje mvua ikinyesha. Na kama banda halitutoshi wawili, basi gari liingie chumbani, lilale upande wangu, lisahihishe madaftari na lipike. Likiunguza maharage asilifokee, lisije likapata mikwaruzo.

Ukiona ombi hili ni la kichaa, kumbuka ni wewe uliyeniambia siku ya harusi kwamba mwanao ni mtu wa kutunza vitu. Sikujua kwamba ulimaanisha vitu.

Nisalimie Baba, mawifi zangu wote, na yule jirani yako mwenye kuku wengi. Watoto wanakuamkia.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mama Pacha

N.B. Mama, tafadhali usimwambie kitu. Leo asubuhi, kabla sijaituma barua hii, ameniita nimshikie chupa ya maji. Akanionyesha namna ya kupitisha taulo, mkono wake juu ya wangu, tukaanzia paani. Tumeongea na kucheka mpaka nimechelewa shule, na mwalimu mkuu amenisema mbele ya wenzangu. Sikujali. Boneti nimeimaliza mwenyewe, ungeiona! Ukija kututembelea karibu sana, ila nakuomba usiegemeze mkoba wako kwenye mlango wa gari. Ule mkoba una zipu.