Mume Wangu Asihamishwe Msimu Huu wa Baridi

Kwa Ndugu Pavia,
Mkuu wa Uhamisho wa Walimu, Wilayani.

Salaam kutoka Tasiarsuk, ambako jua limeshatuaga na bahari imeanza kushika utando kama uji uliopoa. Sisi ni wazima, mbwa ni wazima, na kahawa ipo.

Nakuandikia kwa masikitiko makubwa kuhusu mume wangu, Imina. Nimesikia dukani kwamba mwalimu wetu mpya, Nuka, amekuomba uhamisho, na kwamba helikopta ijayo itamchukua yeye, mkewe Nivi, na mume wangu. Mume wangu ana miezi mitatu.

Najua huko kusini mmeanza kusahau mambo, kwa hiyo nikukumbushe kwa adabu. Imina alifariki barafu ilipokuwa inapasuka. Jina lake likabaki bila mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kulitamka. Hata mbwa wake tuliwaita "mbwa wa yule". Mwisho wa kiangazi Nivi akajifungua mtoto wa kiume. Kijiji kizima tukaenda kunywa kahawa, nikaomba, wakakubali, mtoto akaitwa Imina. Jina likirudi, mwenyewe amerudi. Nilimshika kidole nikamwambia, "Umechelewa, mzee, supu imepoa." Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nililia kuwashinda wote.

Tena wewe mwenyewe ni somo wa marehemu mjomba wangu Pavia. Kwa haki wewe ni mjomba wangu, ingawa naambiwa bado hujafika miaka thelathini. Basi mjomba, msikilize mpwa wako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu hafanyi kazi. Majira kama haya alikuwa akinoa chusa na kupima barafu kwa fimbo. Sasa ananyonya, analala, akiamka ananyonya. Hili nimelivumilia, maana wanaume wa namna hiyo hapa kijijini wapo wengi, na wake zao hawajakuandikia barua.

2. Ananikojolea. Jumapili, mbele ya mchungaji, nikiwa nimevaa buti zangu mpya za ngozi ya sili, mnyama wa bahari yetu! Imina wa kwanza alikuwa na kasoro zake, lakini hiyo hakuwa nayo. Nimesamehe.

3. Wakwe. Kama Imina ni mume wangu, basi Nivi ni mama mkwe wangu, na sikatai. Mimi na miaka yangu sabini na moja nimemtumikia kama mkwe mwenye adabu: nachonga barafu ya maji yake ya kunywa, nimeziba madirisha yake, nimemshonea glavu. Lakini mjomba, mama mkwe ana miaka ishirini na minne na hajui kitu! Anaweka samaki kwenye friji. Nje kote ni friji, yeye analipa umeme. Nilipompelekea ndege wetu waliovundikwa ndani ya ngozi ya sili, chakula cha heshima, alifungua mfuko akapiga yowe, "Nuka, njoo, humu kuna kitu kimekufa!" Nikamjibu, "Kimekufa tangu Juni, mama, ndiyo utamu wenyewe."

Baba mkwe naye ndiyo usiseme. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa sepetu. Kijana wa watu ana bidii, mgala muue na haki yake mpe. Akaondoa theluji mlangoni, vizuri. Kisha akaizunguka nyumba akaiondoa na ya ukutani, ile inayokinga baridi! Nyumba ikabaki uchi, upepo ukaingia, wakatetemeka wote watatu, halafu wakashangaa kwa nini Tasiarsuk kuna baridi. Kijiji kizima tulisimama tunamwangalia, hakuna aliyetaka kumkatiza mtu anayefanya kazi kwa moyo vile. Hapo kosa ni letu kidogo.

4. Sababu ya safari. Wanasema tangu jua lipotee mtoto analia tu, eti anaogopa giza. Mjomba! Imina kulalamika mwezi wa Novemba si ugonjwa, ni tabia. Miaka yote ya ndoa yetu, bahari ikifika hali hii, haiingiliki kwa mashua wala haipitiki kwa sleji ya kukokotwa na mbwa, mume wangu alikaa dirishani akinung'unika kama mjane. Barafu ikishika, ananyamaza na kuwa mtu. Dawa yake si helikopta, dawa yake ni barafu. Nilimweleza Nivi hayo, akaangua kilio. "Bibi, mimi siwezi. Huku hakuna hata mtu wa kuniambia kama nakosea." Nikamwambia, "Mama, si nakwambia kila siku kwamba unakosea?" Akacheka kidogo, kisha akalia tena. Tangu hapo hata mimi silali vizuri.

5. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Kuna sheria gani inayomhamisha mwanamume mwenye ndoa bila mkewe kuulizwa? Mara ya kwanza Imina aliondoka bila kuniaga. Nilikuwa nje nalisha mbwa, nikarudi nikamkuta ameshakwenda, na huko alikokwenda hakuna ofisi ya kuandikia. Safari hii ofisi ipo, mjomba, na ofisi ni wewe.

Kwa hiyo naomba ukatae uhamisho huo. Ukishindwa kukataa, ihamishie shule sebuleni kwangu, ambako kuna joto, na Nuka atafundisha huku namshika mume wangu. Ukishindwa na hilo, basi helikopta itanikuta nimelala pale inapotua, pamoja na mbwa wote wa Imina, na sitakuwa nimewalisha.

Msalimie mke wa mjomba, ingawa sijawahi kumtia machoni. Wasalimie wote ofisini, na yule binti wa simu aliyenikatia mara mbili naye nimemsamehe. Mkataa pema, pabaya panamwita. Mwambie hivyo yeyote anayetaka kuhama.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Naduk, mke wa Imina.

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Nivi ameingia sasa hivi na mtoto, anasema wamebadili mawazo, wanabaki mpaka jua lirudi. "Huko kusini," anasema, "nitampata wapi mkwe wa kunichongea barafu?" Ameniita mkwe, mjomba! Niliruka hadi goti likalia.

Lakini furaha yangu haikudumu hata birika kuchemka. Jirani yangu Dorthe, ambaye Imina alimposa kabla yangu akakataliwa, alikuwa amekaa hapa anakunywa kahawa yangu. Na mume wangu, niliyemwimbia, niliyembeba, niliyemfuta kila kinachofutwa, ambaye hajawahi kunionyesha hata ufizi mmoja, akageuza kichwa, akamwona Dorthe, akatabasamu. Tabasamu lake la kwanza! Fizi zote nje! Na yule mwanamke akasema, "Eh, kumbe bado ananikumbuka."

Mhamishe, mjomba. Leo hii. Na kama sheria hairuhusu, mhamishe Dorthe.