Michirizi ya Giza Ukutani Si Uchafu Wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Taasisi,

Kwa heshima zote, naandika mimi mfanya usafi wa ghorofa ya pili. Jana nilipewa onyo la pili kwa "ukuta mchafu" wa maabara ya mwanga. La tatu ni kufukuzwa kazi, nikakae nyumbani na mama mkwe ambaye tangu zamani ananiona mvivu. Naomba unisikilize.

1. Ukuta ule una michirizi myeusi. Nimeisugua wiki tatu kwa sabuni, siki na dawa ya choo. Rangi imebanduka, michirizi ipo. Nikiweka mkono, inanipanda mkononi. Nimenawa mpaka ngozi imechubuka.

2. Dada mtaalamu wa maabara alinieleza kwa upole kwamba anazipiga chembe kwa leza kali mpaka nazo zitoe mwanga wao. Mwanga huo unafika ukutani kwa njia mbili, na mahali pengine ukikutana unajifuta, linabaki giza. Nilimwitikia "sawa dada", kama unavyomwitikia mgonjwa.

3. Njia mbili zilimshinda fisi. Huu mwanga ni nani hata upite zote kwa mpigo? Uagizwe kwa maandishi uchague moja.

4. Msimamizi wetu, Bi Kidole, ambaye hukagua kila kitu kwa kidole, aligusa mchirizi ukamvaa. Akasema nimemwambukiza.

5. Chembe zenyewe zinaonewa. Ukichapwa mfululizo tangu saa mbili asubuhi, na wewe utatoa vitu vya ajabu. Zipewe mapumziko ya chai.

6. Tumelelewa kwamba umoja ni nguvu. Hapa mwanga ukikutana na mwanga mwenzake unazaa giza, tena ndani ya ofisi ya umma. Kesho mtu ataoga mara mbili atoke mchafu, na bwana na bibi wakifunga ndoa wapatikane waseja. Maabara ifungwe, au ukuta wote upakwe rangi nyeusi.

Nisalimie katibu muhtasi, mlinzi wa getini, na fundi umeme, ambaye nilimshuku bure kwamba ndiye anayeuchafua ukuta.

Wako mtiifu, mikono ikiwa bado inawasha,
Mfanya Usafi, Ghorofa ya Pili

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha, niliziba njia moja ya ule mwanga kwa kipande cha boksi. Michirizi ikatoweka yote. Bi Kidole akafuta maonyo yangu papo hapo. Kisha dada mtaalamu akaingia, akautazama ukuta, boksi hakuliona, akaketi sakafuni akalia. Kumbe michirizi ile ameitafuta miaka sita. Roho iliniuma, nimeliondoa boksi. Mheshimiwa, ukuta ni mchafu na uchafu ni wangu. Nileteeni onyo la tatu.