Kufuli la Miguuni

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kaja asubuhi. Mashindano ni wiki ijayo, timu ya watu watatu: yeye aogelee, mumewe akimbie, katikati baiskeli. Baiskeli ni mimi au mjomba wake, shemeji yangu kinyozi. Jumamosi tunapimwa. Tangu tumzike mama yake hajawahi kuniomba kitu. Leo kaomba. Nikakohoa nisije nikalia. Nikamwambia mjomba wake ana miguu ya mtu aliyesimama nyuma ya kiti maisha yake yote.

Mbio hadi duka la baiskeli. Siku hizi pedali zinashika kiatu! Mwenye duka, mama mpole, akanieleza: chini ya soli kuna kipande cha plastiki, unakanyaga, kinaingia, ta! Kutoka, unazungusha kisigino nje. Akasema mgeni achukue zinazoachia upesi. Mgeni, mimi! Miaka arobaini fundi makufuli! Nimefunga maghala, nimefunga mahakama. Nikazijaribu zote kwa kidole, nikachukua zile zilizonikatalia. Akanionyesha skrubu ya kulegeza. Nikamshukuru, kama unavyomshukuru mtoto.

Jumatano, 5 Machi
Nimeegemea ukuta wa korido. Ta! Mguu umeingia. Kutoka hautoki. Kufuli halisi! Nikachomoa miguu, viatu vikabaki vinaning'inia kwenye pedali. Shemeji kapita, kacheka mpaka kashikilia mlango. Nikamwambia mabingwa huacha viatu hapo hapo, wakitoka majini wanarukia tu. Kumbe ni kweli! Binti kathibitisha. Mimi hata nikidanganya nasema kweli. Shemeji kanunua zile laini. Nimembatiza Bwana Mlango Wazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeanguka mbele ya foleni ya mkate. Polepole, kama kabati. Baiskeli imesimama, mimi nimefungwa. Nikawaambia nakagua tairi. Bibi mmoja akauliza kama tairi linakaguliwa kwa sikio. Sababu nimeigundua: mguu wa kulia ulikuwa unachezacheza. Nimekaza skrubu mpaka mwisho.

Jumamosi, 8 Machi
Mizunguko kumi ya uwanja wa mpira. Nimeruka! Shemeji nimemwacha, hata upara wake siuoni. Mwisho ni pale aliposimama binti: unashuka, unampa mkimbiaji mkanda wa kifundoni, ndio kijiti chetu. Nikapiga kisigino. Wapi! Nikapita. Nikarudi, nikapunga mkono ionekane ni heshima. Nikapita tena. Shemeji kafika, kashuka, kakabidhi mkanda, anakunywa maji. Akapaza sauti, shemeji, safari ya wapi? Nikamjibu naongeza!

Mzunguko wa sita wa kuongeza, baiskeli ikaanza kuyumba. Binti akakimbia pembeni yangu, akashika tandiko, akaniegemeza kifuani kwake, akanifungulia viatu kwa mkono mmoja. Alikuwa hacheki.

"Baba, ningekuchukua wewe. Nilitaka ushuke tu."

Kamchukua mjomba wake.

Jumapili, 9 Machi
Sikula. Nimekaa na maneno yale. Ningekuchukua wewe. Kasema mwenyewe, mbele za watu.

Saa nne shemeji kaja na baiskeli yake, sauti ya chini, bila utani. Kaniomba niikague. Tangu jana anaogopa kumwangusha mtoto wa dada yake. Kasema fundi ni mimi, hana mwingine. Nikamshika bega. Tukalia kidogo, wazee wawili, tukimtaja marehemu.

Alipoondoka nikazikagua pedali zake. Aibu! Ukizipulizia zinaachia. Binti yangu abebwe na kitu legevu namna hii? Nimezikaza zote mbili, kulia na kushoto, mpaka bisibisi imepinda. Sijamwambia. Sitaki shukrani zake.