Mkono wa Kulia wa Jezi Namba Tatu

Habari ilifika kijiweni kwetu saa mbili na nusu asubuhi kwenye simu ya Kinyozi, na kabla Mama Birika, muuza kahawa wetu, hajamimina kikombe cha tatu, tayari tulikuwa tunabishana mpaka mate yanaruka.

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili ya mbao mbele ya duka la fundi cherehani tunayemwita Pima Tena. Jina kalipata kwa tabia yake. Hakati kitambaa chako mpaka akupime mara tatu, hata ukiwa umemletea shuka la kukunja pindo. Wateja wananuna, wengine wanamsonya, yeye anashusha futi kamba kutoka shingoni na kusema, "Simama wima, napima tena." Kinyozi yuko mlango wa pili. Asubuhi hamnyoi mtu mpaka atusomee habari zote, na mwenye haraka akatafute wembe kwingine.

"Tulieni," akasema Kinyozi. "Shirikisho la mpira Jumamosi linazindua jezi mpya ya nyumbani ya timu ya taifa. Wanaiita Jezi ya Urithi."

"Ya ngapi hiyo?" nikauliza. "Kila tukifungwa wanabadilisha jezi."

"Kwa nini wasibadilishe kocha?" Mama Birika akauliza.

"Kocha ana mkataba, mama. Jezi haina."

Tukacheka. Kinyozi akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kulikuwa na ile ya mistari, iliyochuja rangi kwenye mvua. Mnaikumbuka? Ilipofika mapumziko timu zote mbili zilikuwa waridi."

"Na refa naye waridi," nikasema. "Ikaja ile waliyoagiza ichorwe tai kifuani."

"Tai gani! Yule alikuwa kuku. Tena kuku mgonjwa, shingo imelegea. Halafu ile ya kubana. Golikipa ana kitambi, akidaka mpira kitovu kinaangalia jukwaa kuu."

"Ile ndiyo ilikuwa nzuri," akasema Mama Birika. "Angalau mlikuwa na kitu cha kuangalia."

Kwenye ncha ya benchi la pili alikuwa amekaa Mzee Kurusha, kimya, anapuliza kahawa yake. Huyu lazima nimweleze vizuri. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, beki wa kushoto wa zamani, au ndivyo anavyodai. Anadai alicheza mechi ya kwanza kabisa ya timu ya taifa nyumbani, akiwa na jezi namba tatu. Anadai dakika ya themanini na nane, mambo yakiwa sare, alipewa mpira wa kurusha karibu na goli letu. Akainua mikono, akachomwa na pini iliyosahauliwa kwapani mwa jezi, akashtuka, mpira ukamwendea adui mguuni. Goli. Hakuitwa tena timu ya taifa. Ndiyo tukamwita Kurusha.

Pini! Watu wamekosa magoli kwa jua, kwa nyasi, kwa mke kuondoka nyumbani. Pini tulikuwa hatujaisikia. Tumemcheka kwa hilo miaka na miaka, na aliyekuwa anacheka kwa sauti kuliko wote ni Pima Tena, mpaka mguu unaacha kukanyaga cherehani.

"Soma sasa, ikoje hiyo jezi?" nikamwambia Kinyozi.

"Ni ya dhahabu. Lakini mkono wa kulia peke yake ni wa buluu iliyokolea."

"Mkono mmoja?"

"Mmoja. Sikiliza maelezo ya shirikisho. 'Mwili wa dhahabu ni jua la taifa letu linalochomoza. Mkono wa kulia wa buluu ni nguvu ya waasisi waliotutangulia. Jezi hii inafuata ile iliyovaliwa na shujaa mmoja katika mechi yetu ya kwanza nyumbani, kama picha hii adimu inavyoonyesha.'"

Tukajazana kwenye simu. Ilikuwa picha ya zamani isiyo na rangi, wachezaji kumi na mmoja wamesimama kwenye mstari. Mmoja jezi yake ilikuwa na mkono mmoja mweusi kuliko mwingine, na alikuwa ameweka kiganja cha kushoto juu ya bega la kulia. Uso wake hauonekani. Picha iliwahi kukunjwa, na mkunjo umempita katikati ya uso.

"'Kiganja begani,'" Kinyozi akaendelea, "'ni ishara ya kulinda taifa. Kuanzia Jumamosi wachezaji wetu watasimama hivyo wakati wa wimbo wa taifa.'"

"Mungu wangu," akasema Mama Birika. "Watafikiri tumeumwa na nyuki."

Hapo Mzee Kurusha akaweka kikombe chini. "Nilikuwa nauficha."

"Unaficha nini, mzee?"

"Mkono. Huyo ni mimi. Wenzangu wote wamevaa mikono sawa, mimi nimepewa jezi yenye mkono wa sketi. Mpiga picha anasema tabasamu, mimi nafunika aibu yangu kwa kiganja. Leo ndiyo imekuwa kulinda taifa?"

Kinyozi akaangua kicheko. "Haya, leo pini imepata mwenzake! Mkono wa sketi!"

"Sketi ya shule. Hata tundu za sindano za pindo lake zilikuwepo, hapa karibu na kiwiko. Na wala haikuwa dhahabu. Dhahabu ya wapi? Ilikuwa kaki. Kaki ya ovaroli, nzito, ukitoka jasho unajiona umebeba gunia."

"Mzee, shirikisho lina wataalamu."

"Wataalamu wa kuangalia picha isiyo na rangi wakaona dhahabu."

Kinyozi hakubali kushindwa na mtu mwenye nywele. "Basi ngoja, jina la shujaa limeandikwa hapa chini. Wanasema alikuwa marehemu baba yake Makamu Mwenyekiti wa shirikisho. Jumamosi Makamu mwenyewe atavaa jezi mpya na kupokea nishani kwa niaba ya baba yake."

Mzee Kurusha akasimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka namna ile.

"Baba yake alikuwa anabeba ndoo ya maji! Mtu mzuri, Mungu amrehemu, na maji yake yalikuwa ya baridi. Lakini ndoo! Alikaa pembeni na ndoo tangu mwanzo mpaka mwisho!"

"Ushahidi?" akauliza Kinyozi.

"Mimi ndiye ushahidi!"

"Wewe ni mtu aliyemrushia adui mpira akasingizia pini."

Nakiri nilicheka. Mama Birika naye alicheka ndani ya kanga. Mzee Kurusha alituangalia mmoja mmoja, kisha akakaa polepole. Nilijisikia vibaya, lakini si vibaya kiasi cha kuacha kucheka.

Ndipo nikagundua cherehani iko kimya. Kicheko kikubwa kuliko vyote kilikuwa hakijasikika.

Pima Tena alikuwa amesimama mlangoni, futi kamba shingoni. "Mzee," akamwambia Kurusha, "hiyo pini ilikuwa upande gani wa kwapa? Mbele au nyuma?"

"Na wewe unataka kunicheka tena?"

"Nijibu."

"Nyuma. Kwenye mshono, chini kabisa, pale mkono unapokutana na ubavu. Ukishusha mkono huisikii. Ukiinua juu, inaingia."

Pima Tena akarudi ndani. Akatoka na kijimto chake cha kuchomekea pini, kile kichafu, cheusi kwa mafuta ya cherehani, ambacho kimening'inia ukutani tangu duka lifunguliwe. Akaanza kuchomoa pini moja moja na kuzipanga kwenye benchi.

"Nilichomeka sita," akasema bila kumwangalia mtu. "Nikachomoa tano."

Akaipanga ya mwisho, akaendelea.

"Nilikuwa kiwanda kidogo cha ovaroli. Nina miezi minne kazini. Watu wa mpira wamekuja asubuhi, mechi ni jioni ileile, jezi walizoagiza hazijafika. Bosi akatoa jora la kaki, akatugawia, kila mtu jezi yake. Mimi nikapewa namba tatu. Nikakata mgongo, nikakata kifua. Mikono nikaikata mmoja mmoja, nikasahau kugeuza kitambaa." Akainua viganja viwili. "Nikatoa mikono miwili ya kushoto."

"Miwili ya kushoto?" Kinyozi akauliza.

"Hilo kosa hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halifanyi. Na jora limekwisha. Bosi alikuwa mkali, angenifukuza palepale. Pembeni kulikuwa na sketi za shule zinasubiri kupelekwa. Nikachana moja, nikapata mkono wa kulia, nikaushikiza kwa pini, nikapiga mshono gari likiwa linapiga honi nje. Lilipoondoka ndipo nikahesabu pini."

"Kwa hiyo waasisi waliotutangulia..." nikaanza.

"Ni sketi," akasema Pima Tena. "Ya mtoto wa darasa la nne."

Mama Birika alijikalisha juu ya kreti lake. Siku nyingine angecheka hadi birika limwagike. Hakucheka. Alikuwa anamwangalia Mzee Kurusha.

"Nilipokuja hapa mara ya kwanza," Mzee Kurusha akasema taratibu, "nikasimulia habari ya pini. Ulijua siku hiyohiyo?"

"Nilijua siku hiyohiyo."

"Na ukacheka."

"Nikacheka."

"Kila siku."

"Niliogopa kwamba nikiacha kucheka utajua." Pima Tena akapangusa uso kwa ncha ya futi kamba. "Nimepima watu mara tatu maisha yangu yote kwa ajili ya ule mkono. Nikadhani inatosha. Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuharibia maisha, halafu nikakaa na wewe benchi moja nakucheka."

Mzee Kurusha akainamia kikombe chake. Kinyozi, ambaye ukimya unamuwasha, akasema, "Fundi, hayo ni maneno tu. Shirikisho watasema mmepanga hapa kijiweni. Ushahidi uko wapi?"

Pima Tena akachukua wembe, akachana mshono wa kijimto. Nje kilikuwa cheusi kama soli ya kiatu. Akakigeuza ndani nje, akakung'uta vipande vya nyuzi, kikafunguka taratibu kwenye magoti yake: mkono mzima wa jezi, wa kushoto, haujawahi kuvaliwa na mtu. Rangi yake ya ndani ilikuwa haijafa.

Ilikuwa kaki.

"Huu ni ule wa pili," akasema. "Sikuweza kuutupa."

Kinyozi aliushika kwa vidole viwili, akauangalia, akaangalia picha kwenye simu. Akamgeukia mzee. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akavua kofia yake. Mimi nilikuwa naona aibu, hata sijui pa kuweka macho. Tumemfanya mtu kichekesho kwa ukweli wake mtupu, wakati uongo wa shirikisho tumeusikiliza hadi mwisho na maelezo yake ya jua linalochomoza.

"Jumamosi naenda na huu mkono," akasema Pima Tena. "Nitasimama mbele ya waandishi wa habari niseme kila kitu."

"Utasema nini?" akauliza Mzee Kurusha. "Kwamba nembo ya taifa ni kosa la fundi asiyejua kushoto na kulia?"

"Hivyohivyo."

"Nchi nzima itakucheka. Watoto barabarani watakuita Mikono Miwili ya Kushoto."

"Waache wacheke. Wewe umechekwa miaka yote hiyo. Sasa ni zamu yangu."

Mzee akaokota kikombe chake. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi, na Pima Tena akakaa. Hawakushikana mikono wala nini. Mama Birika aliwamiminia vikombe viwili bila kuulizwa, na Kinyozi akapiga chafya ambayo haikuwa chafya.

"Niambie kitu kimoja, fundi," Mzee Kurusha akasema alipomaliza nusu ya kikombe. "Hizi jezi mpya zimeshonwa wapi?"

"Nje huko, bila shaka. Kwa mashine."

"Mkono wa kulia umekaa sawa?"

"Lazima umekaa sawa kabisa."

"Na kwapani hakuna kitu?"

"Hakuna kitu, mzee. Mashine haitumii pini."

"Basi wamekosea. Wamesema inafuata ile ya kwanza." Akainama kwenye benchi, akapekua zile pini zilizopangwa, akaacha fupi, akaacha yenye kutu, akachagua moja ndefu yenye kichwa cheupe. Akaichomeka kwa uangalifu kwenye ukosi wa shati lake, akaifunika kwa kidole.

"Mzee, unaipeleka wapi hiyo?" Mama Birika akauliza.

"Si umesikia Makamu Mwenyekiti atavaa jezi ya shujaa Jumamosi? Akipewa nishani lazima ainue mikono kuwasalimu watu." Akasimama, akanyoosha shati, akaanza kuondoka kwa hatua za beki aliyepewa mpira. "Mimi nitakuwa nimeshamkumbatia."