Chupa Iliyosuuzwa Mara Tatu

Jumatatu, 3 Novemba
Nianze kwa ufafanuzi. Kiyeyushi ni kimiminika kinachoondoa grisi, rangi au gundi iliyoganda, kisha chenyewe hupotelea hewani. Kikimwagwa ardhini hakipotei. Hushuka hadi kwenye maji, kikakaa humo. Ndivyo karakana ya vyuma iliyokuwa nyuma ya ploti yetu, hapa Lucky Summer, ilivyokiharibu kisima ambacho mimi, Kabiru, ni katibu wake na mshika ufunguo. Kimefungwa tangu Machi. Machi! Sasa Shamis huwaletea wapangaji maji kwa mkokoteni, na wapangaji humsalimia yeye kwanza.

Leo amekuja Bi. Idil, mtaalamu wa maji. Mashine yake huvuta maji, huyapuliza hewa hadi kiyeyushi kitoke, kisha huyachuja kwa makaa. Ameniachia chupa moja niijaze maji ya mashine Alhamisi. Maji yakipatikana safi, kisima kitafunguliwa. Akaonya kwamba chupa isioshwe. Nimeliandika onyo hilo. Nimelipigia mstari.

Jumanne
Nimeyanusa maji ya mashine. Sina imani nayo. Shamis kapita, akauliza ploti nzima ikisikia: "Katibu, hayo ni maji ama supu?" Wangeci wa chumba cha nne akacheka hadi akaangusha nguo alizofua.

Jumatano
Uamuzi: chupa nitaijaza maji ya Shamis. Ploti nzima huyanywa na hakuna aliyeugua. Adui ajiangamize kwa mtungi wake mwenyewe! Nimemtuma Wangeci aniletee mmoja. Nimesema ni wa chai.

Alhamisi
Chupa ina alama ya gundi ya kibandiko. Aibu kwa chombo cha kitaalamu! Onyo la Bi. Idil bila shaka lilihusu sabuni, maana sabuni huacha povu. Nimemwendea Kinyanjui, fundi wa kupaka magari rangi, akanipa tina, ile ya kulainisha rangi nzito. Gundi imetoka papo hapo. Kwa uthabiti nikasuuza na ndani, mara tatu. Kinyanjui akauliza, "Mzee, unaosha chupa ama gearbox?" Hajui taratibu za maabara. Nikarudi, nikaijaza maji ya Shamis, nikamkabidhi Bi. Idil.

Jumanne, 11 Novemba
Majibu. Kiyeyushi kimezidi kile cha Machi mara arobaini! Bi. Idil amechanganyikiwa: maji aliyojichotea mwenyewe kwenye mashine, Alhamisi ileile, ni safi kabisa. Kwa kuwa vipimo viwili havipatani, kisima kitabaki kimefungwa hadi Januari. Akauliza kama niliiosha chupa. Nikasema haikuguswa na sabuni, na huo ni ukweli mtupu. Shamis ameongeza mkokoteni wa pili.

Jumatano, 12 Novemba
Hoja iko wazi. Maji ya chupani yalikuwa ya Shamis. Kwa hiyo Shamis anawauzia watu sumu. Nimeandika mashtaka, kurasa nne. Ushahidi utakuwa chupa ya pili ya maji yake. Chupa nimeipata, ya dawa ya kikohozi, nayo ina gundi pande zote. Limebaki swali moja ambalo sijalitatua: tina iliyobaki itatosha kuisuuza mara tatu, au nimrudie Kinyanjui?