Shauri la Kumwangusha Iordanis

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeingia Barazani! Kwa mlango wa nyuma, lakini mlango ni mlango. Kwenye uchaguzi nilikuwa wa kumi na sita, na Baraza la wanafunzi lina watu kumi na watano. Leo mmoja wao kahamia mji wa Patra na wazazi wake. Mungu ambariki huko aliko.

Mwenyekiti ni Iordanis. Nani tena? Mrefu, anacheza mpira wa kikapu, na akicheka hata mwalimu wa hesabu hucheka bila kujua kisa. Aliponiona mlangoni akasema, "Karibu, Mmea, tafuta kiti." Shuleni kwetu anayependa vitabu huitwa mmea, kwa kuwa hakai na watu na haendi popote. Nilitaka kumjibu jambo kali. Nikasema asante.

Jioni nilikaa dirishani, nikitazama ukungu ukishukia mashamba ya michungwa. Katika tanzia, yale maigizo ya huzuni ya Wagiriki wa kale, waitikiaji waliosimama mbele ya jumba la mfalme wakimwimbia na kumjibu walikuwa kumi na watano. Sawasawa na Baraza letu! Basi wapo waitikiaji. Anakosekana mfalme wa kweli. Nikajiona kwenye ngazi za mawe, vazi la zambarau likiburuzika nyuma yangu kama jioni yenyewe, na sauti kumi na tano zikiniuliza, ewe Evanthia, tufanye nini?

Bibi akasema tufanye kula, dengu zinapoa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata shauri. Nimemaliza tanzia zote za maktaba ya mji (rafu moja na nusu). Wafalme wote huanguka kwa njia ileile. Si kwa upanga. Anakuja mtu mwenye busara, anampa mfalme neno jema, mfalme anavimba, anauliza nani wewe wa kunifundisha, anamfukuza. Baada ya hapo ni vilio tu. Mfalme mwema naye yupo, ila ni nadra: yule anayesema ngoja kwanza niwaulize watu wangu. Huyo hachukui kurasa nyingi.

Kwa hiyo sina haja ya kumpinga Iordanis. Nitamshauri tu, tena vizuri. Atakataa. Ataanguka. Watu watauliza, nani alituonya? Nami nitainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na kiti cha mwenyekiti kitakuwa changu.

Nimemweleza Krinio, rafiki yangu wa pekee, naye ni mjumbe wa Baraza. Akauliza: na akikubali? Krinio hajasoma tanzia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Dari ya darasa letu inavuja. Matone yanaanguka kwenye ndoo kwa mapigo ya zamani sana, kama watu wanaotembea taratibu wakiwa na habari mbaya. Niliyasikiliza hadi mwalimu wa fizikia aliponiuliza kama nimelala.

Barazani wote walitaka kuteka shule hadi paa litengenezwe. Kila vuli hutekwa shule mojawapo huku kwetu, ni msimu kama wa zeituni: lango linafungwa mnyororo, wanafunzi wanalala ndani na magitaa, walimu wanabaki nje na mikoba yao. Kelele mtindo mmoja. "Mnyororo anao baba yangu!" "Spika alete nani?" "Wewe usilete spika, lete blanketi, mwaka jana ulilia baridi!"

Nikasimama. Nikasema, kwa sauti ya mbu, tusifunge lango. Tubebe viti vyetu vilivyolowa hadi mlangoni kwa meya, tukae hapo, tusome somo la historia kwa sauti. Ushauri mwema kabisa! Hakuna kijana mwenye akili timamu anayeweza kuukubali.

Iordanis akanigeukia. Nikamwona tayari ana kinyago cha mfalme usoni, mdomo wazi kwa huzuni. Kisha akasema, "Jamani, Mmea kasema kitu. Mnaonaje?"

Wakapiga kura. Wakakubali.

Msiba.

Jumanne, 14 Oktoba

Tulifika kwa meya na viti vyetu. Akatoka, akagusa kimoja, akatazama kiganja chake kilicholowa. Mchana mafundi walikuwa juu ya paa la shule.

Wamembeba Iordanis mabegani kuzunguka uwanja! Akiwa huko juu alipaza sauti kwamba wazo lilikuwa langu. Hakuna aliyesikia, walikuwa wanaliimba jina lake. Ujanja wa kutisha: kunisifu mahali nisipoweza kusikika.

Jumatatu, 20 Oktoba

Shauri la pili. Nimemwambia Iordanis awaachie wadogo wa kidato cha kwanza uwanja wa kikapu wakati wa mapumziko. Uwanja wake! Mfalme gani hugawa nchi yake mwenyewe?

Aliwauliza wenzake. Walinung'unika, akawakumbusha walivyokuwa wadogo na kupigwa vikumbo. Sasa wadogo wanacheza siku mbili kwa juma. Mmoja kamkatia Iordanis nusu ya mkate wake wa ufuta, akamwambia, "Kula, kaka, umekonda."

Krinio anasema labda Iordanis ni mtu mzuri tu. Nimemweleza kwa upole kwamba jambo hilo halimo katika rafu nzima.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimegeuza upepo. Sasa natoa ushauri mbaya. Leo tunachagua safari ya darasa. Nikamnong'oneza kwamba kiongozi haulizi-ulizi, anaamua, watu hupenda mkono mzito.

Akacheka. "Evanthia, nikiamua peke yangu nikakosea, nitagawana na nani lawama?"

Kura zikapigwa darasani. Thesaloniki, kwa sababu ya bahari, muziki na keki. Sauti moja tu ilitaka kuzuru majumba ya maigizo ya kale. Yangu. Krinio aliahidi kuniunga mkono, kisha akakumbuka keki.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimepanda peke yangu kilimani, kwenye jumba letu dogo la mawe la maigizo ya kale. Hakuna mtalii anayelijua. Kulikuwa na mbuzi, na jua la vuli lililofanana na asali iliyotiwa maji. Nikakaa safu ya mbele, nikasinzia.

Nikawaona wafalme. Walikuwa wamekaa ngazi za juu, vinyago vimelala mapajani mwao, na nyuso zao wenyewe zilikuwa za kawaida, kama za wauza samaki. Mawingu yalipita kati yao bila kuomba radhi. Nikawauliza siri ya kutawala. Wakaanza kunijibu wote kwa pamoja, kila mmoja akimzidi mwenzake sauti, hata maneno yao yakawa kama mvua inayonyesha katika mji mwingine. Sikupata hata neno moja. Lakini walivyosimama! Mabega yale!

Nilipoamka mbuzi alikuwa anatafuna kamba ya kiatu changu. Nikamwachia. Niliona ni ishara, ingawa sijui ya nini.

Jumatano, 29 Oktoba

MIMI NI MWENYEKITI.

Sikufanya lolote! Baba yake Iordanis kaumia mgongo, na machungwa yameanza kuiva. Iordanis atakuwa shambani kila mchana, hivyo anabaki mjumbe wa kawaida. Akaliambia Baraza nani achukue nafasi yake: "Mawazo yote mazuri ya mwaka huu ni ya Evanthia. Mimi nilikuwa napiga kelele tu." Wote wakanyoosha mikono. Hakuniita Mmea. Akanishika mkono, akasema nikikwama nimwite.

Njia ya kurudi nyumbani sikuikanyaga. Michungwa iliinama pande zote mbili, taa moja moja za machungwa zikiwaka ndani ya majani. Niliitikia salamu ya kila mti.

Bibi kaniambia nifute viatu.

Jumatatu, 3 Novemba

Amri ya kwanza. Nimefuta Thesaloniki. Tutazuru majumba saba ya maigizo ya mawe, na kwa kila moja nitasoma hotuba fupi kuhusu utawala bora. Mkuu wa shule kaniuliza kama darasa limeafiki. Nikasema litaafiki.

Krinio kaja mbio wakati wa mapumziko, pumzi juu. Darasa zima limekasirika, anasema, wengine walishawaahidi binamu zao. "Waulize tu, shoga yangu! Ukiwaeleza kama unavyonielezaga mimi, labda watakubali hata mawili." Nikamwuliza nani yeye wa kunifundisha. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayeangalia treni ikiondoka.

Jioni Iordanis kapita nyumbani, mikono inanuka machungwa. Naye ananishauri niwaulize watu. Wivu wa mfalme aliyeondoka! Umeelezwa wazi kwenye rafu ya juu. Nimemfungia mlango. Bibi kamfungulia, kampa dengu.

Ijumaa, 7 Novemba

Kikao cha Baraza. Nilisimama kama wale wa kilimani, mabega juu. Nikatangaza kwamba safari haijadiliwi.

Wa kwanza akaweka barua ya kujiuzulu mezani, akatoka. Kisha wawili pamoja. Kisha wengine, bila kelele, viti vikirudishwa taratibu chini ya meza. Iordanis alisimama mlangoni akiningoja niseme kitu. Nilisema afunge mlango, upepo unaingia. Krinio alikuwa wa mwisho. Akasema, "Evanthia, niulize mimi basi. Mimi mmoja tu." Nikamwambia hoja zote zipitie kwa mwenyekiti. Akatoka na koti langu kwa bahati mbaya, akarudi kulileta, akatoka tena.

Kimya kitamu kikashuka. Mwanga wa alasiri uliingia ukakaa kwenye viti vitupu, kimoja kimoja, kama wageni wenye adabu. Nikasoma hoja kwa sauti. Nikauliza kama kuna pingamizi. Nikangoja, kwa sababu kiongozi mwema lazima asikilize.

Hakukuwa na pingamizi lolote. Nikapigisha kura. Kura ya ndiyo, moja. Kura za hapana, hakuna.

Nimerudia kuzipekua tanzia zote tangu mwanzo. Hakuna hata mfalme mmoja aliyewahi kukubalika hivi.